Saileni ikicheza, anza na mipira ya vakyumu

Gari la zamani likiwa saileni (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta) na mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, unapanda na kushuka, usikimbilie kununua sensa. Mara nyingi injini inavuta hewa ya wizi, yaani inayoingia kwenye ufa badala ya njia yake. Mipira ya vakyumu (mabomba membamba ya mpira yenye mvuto wa hewa ya injini) hukauka kwa joto, ikapasuka kwenye kona au mwishoni inapobanwa, mahali ambapo macho hayafiki. Injini ikiwa inaunguruma, minya mpira mmoja mmoja kwa koleo, taratibu. Saileni ikitulia ghafla, umempata mwizi. Gasketi ya manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda) nayo inyunyizie maji kidogo: mlio ukibadilika, inavuja hapo. (Wengine hutumia dawa ya kabureta, inawaka moto, mimi siipendi kwenye injini ya moto.)

Skrubu ya saileni, ile ya kurekebisha mlio wa saileni, usiiguse kwanza. Ukiikaza kabla ya kuziba uvujaji, unaficha ugonjwa tu. Safisha pia masizi kwenye throto, mlango wa kuingizia hewa.

Kama injini inakosa (silinda moja haichomi mafuta) kwa mpangilio, chomoa soketi za umeme za injekta, vinyunyizio vya mafuta, moja baada ya nyingine. Silinda ambayo mlio haubadiliki ukiichomolea ndiyo haifanyi kazi. Fungua plagi yake uikague.