Kabla Hujatangaza Jina la Kampuni, Kamata Vikoa Vyake

Jina jipya likishapitishwa kikaoni, lisitoke nje kabla ya kusajiliwa kama kikoa, yaani anwani ya mtandaoni. Wapo wanaovizia matangazo ya biashara, na kusajili huchukua dakika chache tu.

Usinunue kila kitu. Tangu ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao, ilipopokea maombi ya mwaka 2012 ya miisho mipya, miisho ya vikoa inayokuja baada ya nukta imepita elfu moja, na hakuna mfuko wa kutosha kuimaliza. Chukua .com, vikoa vya nchi unakouza au unakotarajia kuuza, kisha makosa ya uandishi yanayodanganya jicho. Liandike jina kwa herufi ndogo ulitazame vizuri: r na n zikibanana husomeka m, na l hufanana na tarakimu 1. Jaribu pia kuongeza kistariki, au neno kama "malipo". Matapeli hupenda kujibanza hapo hapo, maana ankara ya uongo ikitoka kwenye anwani ya namna hiyo, mhasibu mwenye haraka atailipa. Kwa hiyo hata vikoa usivyovitumia viwekee rekodi za SPF na DMARC, maelekezo yanayosema nani anaruhusiwa kutuma barua pepe kwa jina la kikoa, zinazokataa barua pepe zote.

Angalia pia nani ameandikwa kuwa mmiliki. Mara nyingi utakuta ni fundi aliyetengeneza tovuti, au mfanyakazi aliyekwisha kuondoka, na vikumbusho vya malipo vinaingia kwenye barua pepe yake. Mwaka 1999 Microsoft yenyewe ilipitiwa na malipo ya passport.com, kikoa kilichotumika kuingia kwenye barua pepe yake ya Hotmail, watumiaji wakakwama, hadi mtaalamu mmoja wa kompyuta, asiye mwajiriwa wao, alipolipia. Andikisha kampuni kuwa mmiliki, tumia barua pepe ya idara, funga uhamisho wa kikoa, washa malipo ya kujirudia.

Alama ya biashara nayo isajiliwe mapema. Ukipeleka shauri chini ya UDRP, utaratibu wa ICANN wa kusuluhisha migogoro ya vikoa, lazima uthibitishe matatu: kikoa kinafanana na alama yako kiasi cha kuchanganya watu, mwenye nacho hana haki nacho, na amekisajili na kukitumia kwa nia mbaya. WIPO, shirika la kimataifa la hakimiliki za ubunifu linaloendesha mashauri hayo, hutoza dola 1,500 kwa kikoa kimoja hadi vitano mbele ya mwamuzi mmoja, wakili hajalipwa bado, na ukishinda hupati fidia, unapata kikoa tu. Kama aliyenacho ni mtu mwenye ukoo wa jina hilo, shauri halina mashiko. Mtumie dalali aulizie bei.