Posta kwa miguu: jinsi ya kufanya tua ya Dar ya zamani ukiwa na mwongozaji

Wakazi wa Dar wengi Posta tunaijua kwa shida zake tu, unashuka mwendokasi, unakimbilia benki au kufuatilia muhuri ofisi fulani, jua linawaka, unarudi zako Mbagala na hukuangalia juu hata mara moja. Mimi kazi yangu ni kuzungusha watu mjini kwa miguu, na siku hizi wanaonipigia ni Wabongo wenzangu zaidi ya zamani: familia, watu wa ofisini, wanachuo. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo naandika hapa jinsi ya kufanya tua vizuri hela yako isiende bure, uje kwangu au uende kwa mwingine.

Hatua ya 1: Amua unataka Dar ipi

Usimwambie mtu "nataka kuona mji wote". Hutauona, utachoka. Mji wa zamani Wajerumani waliupanga kwa mafungu na Waingereza wakaendeleza hivyo hivyo: Uzunguni huku upande wa bahari wenye bustani na barabara za miti, Uhindini katikati kwenye maduka, halafu Uswahilini kule Kariakoo na kuendelea. Asubuhi moja inatosha upande wa bahari, kuanzia Boma la Kale mpaka makumbusho. Asubuhi nyingine chukua Uhindini mpaka Kariakoo. Ukilazimisha vyote siku moja, ile nusu ya pili utakuwa unasikia mwongozaji anaongea lakini kichwani unawaza maji baridi.

Hatua ya 2: Tafuta mwongozaji na umpime kabla ya kulipa

Pa kuanzia pazuri ni pale pale Boma la Kale, kona ya Morogoro Road na Sokoine Drive, ndani kuna kituo cha urithi wa majengo kinaitwa DARCH, wana maonyesho ya jinsi mji ulivyojengwa. Ingia, uliza kuhusu matembezi. Kampuni za tua nazo zipo, na kuna vijana wa kujitegemea wazuri tu, ila muombe akuonyeshe leseni au kitambulisho chake cha uongozaji, mwenye nacho hakasiriki.

Kisha mpime. Swali langu nalopenda ni hili: Boma la Kale lilijengwa na nani? Akisema Wajerumani, mshukuru kwa upole uendelee kutafuta. Lile jengo ni la Sultan Majid bin Said wa Zanzibar, la miaka ya 1866 na 1867, alikuwa anajenga mji wake mpya hapa jirani na kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Majid akafariki 1870, mji ukalala, na Wajerumani wakahamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Sasa mtu ambaye kila ukuta mweupe kwake ni "la Mjerumani hili, la zamani sana" atakuchosha saa tatu nzima kwa sentensi hiyo hiyo.

Kingine, msikilize kwenye simu kama anakuuliza maswali. Mko wangapi, kuna watoto, kuna mzee asiyeweza ngazi? Asiyeuliza hayo amekariri.

Hatua ya 3: Elewaneni hela mapema

Bei zinatofautiana sana kwa hiyo sikutajii namba. Uliza vitu vitatu: bei ni ya kichwa au ya kundi, kiingilio cha makumbusho kimo ndani yake au unalipa mwenyewe (raia wa Tanzania analipa tofauti na mgeni, beba kitambulisho), na ikinyesha mnafanyaje. Kundi la watu sita saba ndio tamu. Mkizidi kumi na tano wa nyuma hawasikii kitu, honda zinapiga honi, na mwongozaji anaishia kupiga kelele kama konda.

Ukiombwa hela yote siku mbili kabla kwa mtu usiyemjua, kataa. Toa kidogo cha kushikia nafasi, inayobaki mkimaliza.

Hatua ya 4: Siku na saa

Saa mbili asubuhi, isizidi saa mbili na nusu. Hapa hakuna mjadala hasa kuanzia Desemba mpaka Machi, saa sita mchana lami ya Samora inakuchoma hadi kwenye soli. Masika, Machi mpaka Mei, unaweza kwenda lakini baadhi ya mitaa inajaa maji, na mkiloa nyote hakuna anayesikiliza historia.

Jumamosi ndio naipenda mimi. Maduka yapo wazi, foleni imepungua. Jumapili mji unakuwa mtupu, unapiga picha za majengo bila gari mbele, ila makanisa yana ibada kwa hiyo kuingia kuzunguka ni ngumu, na Uhindini mageti yote yamefungwa. Ijumaa mchana kwepa mitaa ya misikitini, watu wanaswali, sio muda wa wewe kusimama katikati ya njia unaonyesha kidole juu.

Hatua ya 5: Mavazi na simu

Viatu vya kutembelea kweli, sio sendo mpya. Nguo za heshima maana mtapita makanisani na misikitini, kina dada mtandio mmoja kwenye mkoba unatosha. Kofia, maji.

Simu: ukipiga picha, geuka upe mgongo ukuta, piga, rudisha mfukoni. Wale wa pikipiki wanapenda mtu aliyesimama ukingoni mwa barabara kanyoosha mkono. Na usipige picha Ikulu, bandarini, vituo vya polisi wala askari wenyewe, hii wala usijaribu "kidogo tu kwa mbali", mwongozaji wako ndiye atakayekwenda kujieleza.

Hatua ya 6: Njia ya upande wa bahari, na nini cha kuangalia

Hapa ndio penyewe. Anzeni Boma la Kale, msikimbilie ndani, simameni mlangoni kwanza. Ule mlango wa kuchonga ni wa mwambao, ndugu wa milango ya Unguja. Halafu tazama unene wa ukuta dirishani, unaweza kulaza mkono wote mpaka kwenye kiwiko. Ni mawe ya matumbawe na chokaa. Pakiwa na sehemu lipu imebanduka, sogea karibu kabisa uangalie, utaona vitundu vidogo vidogo na mistari, ni mnyama wa baharini yule, alikaa chini ya maji kabla ya kuwa nyumba ya wageni wa Sultani. Mwambie mwongozaji akueleze na boriti za mikoko, kwenye nyumba za zamani za mwambao urefu wa boriti ndio uliamua upana wa chumba, ndio maana vyumba vinakuwa virefu vyembamba.

Mkitoka hapo fuateni Sokoine Drive bahari ikiwa mkono wa kulia. Mtapita Atiman House, nayo ni ya enzi za Majid, baadaye ikawa ya mapadre wa White Fathers. Wengi wanapita kama hawaioni. Simama, uliza Atiman ni nani. Adrian Atiman alizaliwa maeneo ya Mali ya leo, akauzwa utumwani akiwa mtoto, wamisionari wakamnunua kumkomboa, wakampeleka kusomea utabibu Malta, akaja kutibu watu Karema, pembeni ya Ziwa Tanganyika, toka 1889 mpaka alipofariki 1956. Mimi hapa huwa nawaacha watu wakae kimya wenyewe kidogo, sina cha kuongeza.

Kanisa Katoliki la Mtakatifu Joseph lipo hapo hapo mbele, lilijengwa kati ya 1897 na 1902. Ingieni kama hakuna misa wala arusi (Jumamosi mchana arusi hazikosi), kofia mvue, kaeni benchi la nyuma muone vioo vya rangi vinavyopitisha mwanga. Baada ya Posta ya Zamani ndio lile kanisa la Kilutheri la Azania Front, la miaka hiyo hiyo, na nalipenda zaidi, samahani wakatoliki. Angalia juu ya madirisha yake, kuna vipaa vidogo vya vigae vyekundu, kila dirisha na chake, vinazuia jua na mvua. Aliyejenga alikuja na kanisa la kwao Ujerumani lakini ile miezi ya Dar ikamfundisha kitu. Ndio vitu vya kumuuliza mwongozaji, kwa nini hiki kipo hivi. Miaka utaisoma hata mtandaoni.

Pandeni kidogo mpaka Sanamu ya Askari, makutano ya Samora na Azikiwe. Hapa mwongozaji mzuri unamjua. Pale palikuwa na sanamu nyingine, ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walipouteka mji 1916 wakaing'oa, baadaye ikarudi Ujerumani ikasimamishwa Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha. Huyu askari wa shaba aliyepo sasa alizinduliwa 1927, ni kumbukumbu ya askari Waafrika na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ile singe yake inaelekea bandarini. Sogeeni kwenye kitako msome, kuna Kiingereza, Kiswahili na hati za Kiarabu, maneno ya Kiingereza yaliandikwa na Rudyard Kipling, mwandishi wa Kiingereza. Angalieni magari tu, kile kipande hakina huruma, vukeni wote kwa pamoja.

Kutoka hapo mnashika Samora kuelekea mashariki. Barabara hii Waingereza waliiita Acacia Avenue, ikaja Independence, ndio ikawa Samora kwa heshima ya Samora Machel. Mnaishia bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani 1893, kivuli cha bure, pumzikeni dakika kumi. Jirani ni Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, yalifunguliwa 1940. Usijaribu kuona kila chumba, chagua viwili. Mimi napeleka watu kwenye fuvu la Zinjanthropus (kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu) ambalo Mary Leakey aliliokota Olduvai mwaka 1959, halafu kwenye kumbukumbu ya waliokufa kwenye bomu la ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Watu wazima wa Dar wengi hapo wanaanza kusimulia wenyewe walikuwa wapi siku ile, mwongozaji mwenye akili anakaa pembeni anasikiliza.

Ikulu ipo upande huo, mtaambiwa tu kwa mdomo: nyumba ya gavana wa Kijerumani ilipigwa mizinga na manowari za Waingereza 1914, halafu Waingereza hao hao wakaja kujenga upya juu ya misingi yake 1922.

Hatua ya 7: Uhindini mpaka Kariakoo, kama mna asubuhi ya pili

Anzieni Mnara wa Saa, ule wa mwaka 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji. Kisha ingieni mitaa ya Mosque, Jamhuri, Indira Gandhi, Kisutu. Kanuni moja tu: angalia kuanzia ghorofa ya kwanza. Chini ni mabango ya simu na vioo vipya, juu ndio kuna baraza za chuma, nakshi za saruji na kwenye paji la nyumba mwaka wa ujenzi, pengine na jina la familia. Hesabuni za miaka ya 1930 mshindane, watoto wanapenda sana. Majengo haya yanabomolewa kila leo kupisha magorofa, kwa hiyo usiseme nitakuja mwakani.

Njiani kunyweni kahawa kwa wale wa birika na jiko la mkaa, na kashata, ni sehemu ya tua kabisa.

Mkivuka Mnazi Mmoja, mwambie mwongozaji asimame katikati ya uwazi. Ule uwanja haukubaki wazi kwa bahati, wakoloni waliuacha utenganishe Uhindini na Waafrika wa Kariakoo. Geuka nyuma tazama magorofa, geuka mbele tazama mtaa wa Lumumba. Lumumba ndiko TANU ilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ofisi ndogo ya CCM ipo pale mpaka leo. Na wale wapagazi mliosoma kwenye sanamu, kambi yao ilikuwa Kariakoo hii hii. Sokoni kwenyewe mkifika, mikoba mbele, na tua iishe, mkitaka kununua vitu nunueni wenyewe maana bei ikiwa na mwongozaji pembeni wakati mwingine inapanda.

Hatua ya 8: Kulipa na kula

Malizieni hela yake hapo hapo, kwa simu au taslimu, na kama kakuridhisha muongezee ya soda. Mpe na ukweli, "kaka pale kwenye makumbusho ulikimbia", tunahitaji.

Njaa ikiwa imekamata na mmeishia upande wa bahari, teremkeni Kivukoni mpaka Feri. Nunueni samaki wenyewe mnadani au mezani kwa wachuuzi, funua shavu uone kama bado jekundu, kisha peleka kwa wakaangaji pale pembeni. Bei ya kukaanga ulizeni kabla samaki hajaingia kwenye mafuta.