Saiti ikigoma, soma logi kabla hujagusa kodi

Kitu naona kila siku kwa vijana wanaoanza kazi za upande wa seva: saiti ikigoma tu, mtu anakimbilia kodi (maandishi ya programu), anabadilisha hiki na kile, anarudisha faili la juzi, anazima na kuwasha seva mara tatu, na muda wote huo hajajua tatizo lenyewe ni nini. Ngoja kwanza. Kama unatumia nginx (programu inayopokea maombi ya wanaofungua saiti) na PHP (inayoendesha kodi ya saiti) kwenye Ubuntu, ingia kwenye seva andika `tail -f /var/log/nginx/error.log` alafu fungua ule ukurasa unaosumbua huku macho yako kwenye logi, yaani faili ambalo seva inaandika makosa yake.

Ukurasa ukikuonyesha namba ya kosa 502 maana yake nginx yenyewe iko hai ila PHP ya nyuma yake haipatikani. Kama kwenye mstari wa logi kuna `php8.1-fpm.sock` pamoja na `No such file or directory`, uliza nani kaapdeti seva, kwa sababu PHP ikipanda kwenda 8.3 ile soketi (faili ambalo nginx na PHP huongea kupitia kwake) inabadilika jina inakuwa `php8.3-fpm.sock` na nginx bado inatafuta ya zamani. Rekebisha hilo jina kwenye faili la saiti ndani ya `/etc/nginx/sites-available`, piga `nginx -t` uhakikishe hujakosea kuandika, ndo sasa `systemctl reload nginx`. 504 ni tofauti, hapo PHP imepokea kazi ila imepitisha sekunde 60 ambazo nginx husubiri, na wengi wanaongeza tu sekunde wakati shida ni kweri moja (swali kwa databesi) inayosoma jedwali zima kwa kukosa indeksi, ile orodha ya kutafutia haraka. Weka `EXPLAIN` mbele ya hiyo kweri uone inapitia mistari mingapi.

Picha zinakataa kupanda na unaona 413, yaani faili ni kubwa mno? nginx inaruhusu MB 1 tu usipoiambia vingine, PHP nayo faili moja MB 2. Panua `client_max_body_size`, `upload_max_filesize` na `post_max_size`, zote tatu, ukiacha moja utarudi hapo hapo. Na kama kila kitu kimegoma kwa pamoja bila sababu, piga `df -h` uone nafasi iliyobaki, mara nyingi diski imejaa.

Sasa linaloniuma zaidi ni malipo, maana hapo ni pesa ya mtu. Unaunganisha M-Pesa kwa Daraja (mfumo wa Safaricom wa kuunganisha saiti na M-Pesa), mteja anaweka PIN, majibu ya Safaricom yanakuja kwenye anwani ya saiti yako, na wewe unamuongezea salio. Usiandike kodi kana kwamba majibu yatafika mara moja tu! Nilishaitwa kwenye duka moja mteja kalipa 1,500 na salio lake likasoma 3,000, jibu lile lile limeingia mara mbili. Jamaa alikuwa ameweka ukaguzi, anatafuta kwanza namba ya risiti kwenye databesi, asipoiona ndo anaandika, lakini majibu mawili yakifika kwa wakati mmoja yote yanakuta hakuna kitu na yote yanaandika. Dawa yake ni kuweka `UNIQUE` kwenye safu ya `MpesaReceiptNumber`, databesi yenyewe ikatae ya pili, na kuandika risiti pamoja na kuongeza salio vikae ndani ya `START TRANSACTION` moja mpaka `COMMIT`, ili kimoja kikifeli vyote virudi nyuma. Angalia pia `ResultCode` iliyo ndani ya jibu, 0 ndo kalipa, 1032 mteja kaghairi mwenyewe. Na kiasi kilicholipwa kilinganishe na oda iliyo kwenye databesi yako, kamwe usiamini kiasi kilichotoka kwenye brauza.

Ukimaliza hapo angalia saa. Seva nyingi za kukodi ziko kwenye UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hiyo mauzo ya saa saba na nusu usiku yanaandikwa 22:30 ya jana na mwenye duka anakupigia asubuhi hesabu haimuingii. Usihamishe saa ya seva. Hifadhi kila kitu kwa UTC, geuza kwenda `Africa/Nairobi` wakati wa kuonyesha, na kwenye ripoti ya siku kweri yako ianze 21:00 ya UTC ya jana yake iishie kabla ya 21:00 ya leo. Jaribu na muamala mmoja wa usiku wa manane kabla hujamkabidhi mtu.