Kwenda kazini kwa baiskeli mwaka mzima: kazi huanza jioni

Huu ni mwaka wa tisa naenda kazini kwa baiskeli, kilomita 11 kwenda na 11 kurudi, jua liwake au mvua inyeshe. Watu huniuliza nguvu naitoa wapi. Nguvu si tatizo. Umbali huo ni dakika 40 hivi za mwendo wa kawaida, na mwili huuzoea baada ya wiki chache. Wengi niliowaona wakiacha waliacha kwa sababu ya asubuhi moja mbaya: tairi limelala, taa haina chaji, koti la mvua halijulikani lilipo. Siku hiyo wanapanda gari, na kesho yake wanapanda tena. Ndiyo maana mimi huiandaa baiskeli ninaporudi jioni, bado nikiwa na nguo za safari.

Anza na tairi. Linyanyue gurudumu, lizungushe taratibu, ulitazame lote chini ya taa. Vipande vya kioo na vya waya mara nyingi havitoboi siku ile ile vinapoingia. Hukaa kwenye mpira na kusukumwa ndani kidogo kidogo kwa kila mzunguko, na pancha unaipata siku ya tatu au ya nne, huku huna habari ulikikanyaga wapi. Mimi huvichokoa kwa ncha ya pini. Kisha jaza upepo. Ubavuni mwa tairi pameandikwa vipimo vya msukumo wa upepo, kwa PSI au bar. Usivuke cha juu, wala usishuke chini ya cha chini. Siku za mvua mimi hupunguza kidogo ndani ya mipaka hiyo ili tairi lishike barabara vizuri zaidi.

Pancha yenyewe jifunze kuiziba nyumbani kabla haijakukuta njiani. Jambo moja lililoniokolea muda mwingi ni hili: unapofunga tairi, hakikisha maandishi yake yamekaa sawasawa na valvu. Siku tyubu ikitoboka, ijaze upepo, isogeze karibu na midomo mpaka uhisi pumzi yake, halafu pima kutoka kwenye valvu hadi kwenye tundu. Sasa unajua sehemu ya tairi ya kutafuta kilichotoboa. Pitisha vidole kwa ndani polepole, maana kinaweza kukukata. Mara moja nilibadilisha tyubu kwenye mvua bila kutafuta, nikafika mita mia mbili tu, tyubu mpya nayo ikaisha upepo. Kilikuwa kijiwaya chembamba kama unywele, kimejitokeza milimita moja tu, na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Tangu siku hiyo sifungi tairi kabla sijaona au kugusa kilichotoboa.

Tundu lenyewe nalo lina maelezo yake. Matundu mawili yaliyolala sambamba, kama umeumwa na nyoka, maana yake upepo ulikuwa mdogo na tyubu ikabanwa na rimu ulipogonga shimo. Tundu likiwa upande wa ndani, unaotazama spoku, kagua ule utepe unaofunika vichwa vya spoku. Kubandika kiraka kunataka subira: sugua kwa msasa mpaka mpira upoteze mng'ao, paka gundi nyembamba, na usibandike mpaka ikauke. Dakika tano zinatosha. Anayebandika gundi ikiwa mbichi atairudia kazi.

Cheni ndiyo inayoumia zaidi kwa anayeendesha mwaka mzima. Ikilowa, ifute kwa kitambaa kikavu jioni hiyo hiyo, tia tone moja la mafuta kwenye kila kiungo, zungusha pedali kinyumenyume, subiri kidogo, kisha futa tena. Mafuta yanatakiwa ndani ya viungo. Yakibaki nje yanakusanya mchanga, na mchanga ndio unaoila cheni. Mara moja kwa mwezi ipime kwa rula. Cheni mpya, kutoka pini moja hadi pini ya 24 baada yake, ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa milimita 1.6 hivi, inunulie mbadala. Ukiiacha mpaka izidi kwa milimita 3, kwa kawaida inakuwa imeshayala na meno ya nyuma, na hapo utabadilisha vyote.

Mengine hayachukui muda. Minya breki zote mbili, tazama unene wa raba zake, washa taa ya mbele na ya nyuma. Begi lifunge kwenye karia badala ya kulibeba. Mgongo hautaloa jasho.

Barabarani mvua inaponyesha, breki zinazoshika rimu huchelewa, kwa kuwa raba lazima zifute maji kwanza. Gusa breki mapema, kidogo kidogo. Kwenye mistari iliyochorwa barabarani na mifuniko ya chuma, pita ukiwa umenyooka, usikate kona wala kufunga breki juu yake. Na kando ya magari yaliyoegeshwa acha angalau mita moja, hata kama aliye nyuma yako anapiga honi. Mlango hufunguliwa ghafla, na honi haivunji mfupa.

Siku za baridi, ukitoka mlangoni uhisi kibaridi kidogo. Kama umeshapata joto kabla ya kupanda, umevaa kupita kiasi. Mikono ndiyo ya kukingwa kwanza, kwa sababu mkono uliokufa ganzi haufungi breki vizuri. Siku za joto, kilomita ya mwisho iendeshe polepole, na ukifika kaa dakika kumi kabla ya kubadilisha shati, maana mwili huendelea kutoa jasho baada ya kusimama. Viatu vya kazini mimi huviacha kazini. Vya safari vikilowa, navijaza magazeti makavu, nayabadilisha mara moja kabla ya kulala, na asubuhi vinavalika.