Winter Banana: namna ya kuulaza mtufaa usiojua kulala

Jina lisikuchanganye, hii si ndizi. Ni tufaa la kale la Marekani, lililoanzia shambani Cass County, Indiana, mwaka 1876 hivi. Ngozi yake ni ya manjano hafifu, na upande unaopigwa na jua huingia wekundu wa waridi. Tamu, ukakasi kidogo. Halidai baridi nyingi, ndiyo maana nalipanda huku juu ya Ngaramtoni, Arusha.

1. Mche. Nunua uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mti mwingine; mbegu ya epo haizai tunda la mama yake. Ulizia shina la chini la MM106, linahimili vidukari wenye manyoya meupe. Kovu la kubebeshea libaki juu ya udongo upana wa kiganja. Niliwahi kulifukia kwenye miche minne: sehemu ya juu ikaota mizizi yake yenyewe, miti ikapita paa la nyumba. Jirani yake panda mtufaa wa aina ya Anna, ichavushane.

2. Matawi. Yavute kwa kamba yakiwa machanga, yakaribie kulala. Tawi lililosimama hukimbilia majani.

3. Kuulaza mti. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kung'oa. Kwao Marekani baridi hupukutisha majani, mti ukapumzika, ukaamka na maua. Kwetu haupumziki, basi uulaze kwa mikono. Kuanzia mwaka wa tatu, Julai baridi ikikaza, acha kumwagilia wiki mbili tatu, kisha ondoa majani. Yote, hata kama jirani anashangaa! Lakini usiyavute. Chini ya kila kikonyo pana chipukizi dogo kama punje ya ulezi, na ukivuta linaondoka nalo. Kata kikonyo katikati kwa mkasi. Kipande kinachobaki hudondoka chenyewe. Anna nayo uifanye siku hiyohiyo. Pogolea, mwagilia vya kutosha.

Baada ya kama mwezi mmoja maua hufunguka, vuli haijaanza, nyuki wanatoka. Wakulima wa Batu, Indonesia, huvuna mara mbili kwa mwaka kwa njia hii. Mimi sijaribu: maua ya masika hunyeshewa.

4. Kupunguza. Matunda yakifika ukubwa wa gololi, acha moja kila kichala. Inauma, ila fanya.

5. Kuchuma. Januari hadi Februari. Liinue tunda kwa kiganja mpaka kikonyo kiachie. Usilibane: alama ya kidole gumba kesho yake ni doa la kahawia, na mteja wa soko la Kilombero atalirudisha. Tandika majani makavu ya mgomba kwenye tenga, panga tabaka mbili tu.