Mgonjwa Anayepaliwa: Kumchunguza, Kumlisha na Kukua Katika Kazi Hii Hapa Bukavu

Namwandikia kijana aliyemaliza masomo ya kinezi (tiba ya viungo) au ya uuguzi hapa Bukavu, akakabidhiwa mgonjwa wa kiharusi na kuambiwa na daktari: "Huyu anapaliwa, mwangalie." Wataalamu wa matamshi na kumeza tuko wachache Kivu, kwa hiyo kazi hii itakufikia hata kama hukuisomea. Mashine ya eksirei inayoonyesha chakula kikishuka kooni huenda usiikute unapofanya kazi. Una macho, vidole, sirinji, na mtu anayelala kando ya mgonjwa kumtunza. Huyo wa mwisho nitamtaja sana, maana ndiye anayeshika kijiko asubuhi na jioni wewe ukiwa umeshapanda motari kurudi Kadutu.

Anza na kinywa. Washa tochi ya simu, inua ulimi, angalia mashavu upande uliolegea: mara nyingi utakuta chakula cha jana. Kinacholeta nimonia si kupaliwa tu; ni mate na chakula kuingia mapafuni vikiwa vimebeba vijidudu vya kinywa kichafu. Mwaka 1998 Susan Langmore na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba miongoni mwa wazee waliowafuatilia, dalili kubwa za nani atapata nimonia zilikuwa kulishwa na mtu mwingine, kusafishwa kinywa na mtu mwingine, na meno yaliyooza. Kupaliwa peke yake hakukutosha kueleza. Kwa hiyo mswaki upite asubuhi, baada ya kila mlo na kabla ya kulala. Mwenye sonda puani (mpira wa kulishia) apigwe mswaki vilevile, hata zaidi, kwa sababu kinywa kisichotafuna hakijisafishi. Asiyeweza kutema, mlaze kichwa ubavuni, tumia mswaki laini usio na povu jingi, na ufute kwa kitambaa kibichi. Mimi nikipewa dakika kumi tu na mgonjwa, nazitumia hapo.

Halafu hakikisha yuko macho, si kufumbua tu bali kukaa macho kwa muda wa mlo mzima. Mkalishe wima, miguu ikanyage, mkono uliolegea uwekewe blanketi lililokunjwa. Hesabu pumzi. Mtu anayepumua karibu mara 30 kwa dakika asilishwe kwanza, kwa kuwa kila anayemeza husimamisha pumzi kidogo, na huyu hana pumzi ya kusimamisha. Sikiliza sauti yake kabla hajanywa chochote, ili baadaye ujue imebadilika au la. Usihangaike kumtekenya koo kwa kijiti uone kama atataka kutapika: kuna watu wenye afya kabisa wasio na jibu hilo, na kuna wenye nalo wanaopaliwa kila siku.

Sasa weka vidole vinne shingoni: shahada chini ya kidevu, cha kati juu ya mfupa ulio chini ya ulimi, cha pete kwenye kongomeo, na kidole cha mwisho chini yake. Mwambie ameze mate. Kongomeo lipande upesi na kwa nguvu, kisha lishuke. Ukihisi linatetemeka tu, au mgonjwa anameza mara tatu kwa tone moja la mate, umeshajifunza kitu ambacho karatasi ya daktari haikukuambia.

Kipimo cha maji ni mililita 90 anazokunywa mfululizo bila kutua. Akishindwa kumaliza, akikohoa, au sauti ikigeuka ya majimaji ndani ya dakika moja, hajapita. Usikifanye kwa asiyekaa macho, mwenye tundu la pumzi shingoni, au asiyeruhusiwa kuinuliwa kitandani. Na kuwa mwangalifu na maana yake: anayepita, mara nyingi yuko salama kunywa, asiyepita hajahukumiwa kufunga. Wengi wanaoshindwa hawapaliwi wakinywa kidogo kidogo. Ni ishara kwamba uchunguzi uendelee.

Wako pia wanaopaliwa kimya, bila kikohozi, na hao kando ya kitanda huwaoni wote. Hata kile kidude cha kidoleni kinachopima oksijeni hakikuambii kwa uhakika. Ukiona homa ndogo za jioni zisizoeleweka, makohozi yanaongezeka, uzito unashuka, usidanganywe na ukimya. Kama kuna daktari wa masikio, pua na koo mwenye kamera nyembamba ya puani, mwombe atazame mgonjwa akimeza maziwa. Weupe wake huonekana vizuri kooni. Njia hiyo ilielezwa kitaalamu mwaka 1988, na haihitaji chumba cha eksirei.

Tuje kwenye uji, ambapo watu wengi wanakosea bila kujua. "Mpe uji mzito" si agizo. Mzito kiasi gani? Kuna vipimo vya kimataifa viitwavyo IDDSI, daraja 0 hadi 7, na vinapatikana bure mtandaoni. Chukua sirinji ya mililita 10 ambayo mizani yake, kutoka sifuri hadi kumi, ina urefu wa milimita 61.5, pima kwa rula, maana sirinji hazifanani. Toa pistoni, ziba mdomo wa sirinji kwa kidole, jaza hadi kumi, achia, hesabu sekunde 10, ziba tena. Ikibaki chini ya mililita 1 ni kama maji, daraja 0. Ikibaki kati ya 1 na 4 ni daraja la 1, kati ya 4 na 8 la 2, zaidi ya 8 la 3. Usipotiririka kabisa ni la 4, na hapo unapima kwa kijiko: ukikiinamisha uanguke wote pamoja bila kunata.

Fanya hivyo na uji wa masoso (unga wa mahindi, mtama na soya) mbele ya mama anayeupika. Upime ukiwa na joto lile lile la kunywewa, kwa sababu ukipoa huganda. Kisha mwonyeshe jambo hili: kijiko kilichotoka mdomoni kikirudi kikombeni, mate huvunja wanga, na baada ya muda uji ule ule uliopita kipimo unakuwa mwepesi. Kwa hiyo mimina kidogo kwenye bakuli dogo, kikombe kikubwa kisiguswe na kijiko cha mdomoni. Vitambaa vya kuchujia madonge vipo nyumba nyingi; umeme ukikatika na mashine ya kusagia ikizimika, kinu na kichungio vinatosha.

Lakini usimfanyie kila mtu uji mzito. Kioevu kizito humfanya mgonjwa achukie kunywa, na anayeacha kunywa hukauka mwili. Kama anaweza maji kwa kijiko kimoja kimoja, kinywa kikiwa safi, mpe maji.

Bugali nalazimika kulitaja peke yake. Sisi hatulitafuni, tunafinyanga tonge, tunalichovya, linateleza. Kwa koo lililolegea, tonge la muhogo linanata na linaweza kuziba njia ya hewa. Mgonjwa wa namna hiyo asipewe, hata akilia. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, zikikaangwa ni ngumu na zina miiba. Zitwange na mchuzi mzito hadi zisiwe na chembe inayozidi mwanya wa meno ya uma, karibu milimita 4. Sombe (majani ya muhogo) iliyopondwa vizuri ni nzuri ikiwa maji yake hayajajitenga. Maji yakitangulia, mboga ikifuata, koo linachanganyikiwa. Maharage yachujwe maganda. Parachichi la kwetu lipondwe lilivyo, ni chakula cha mgonjwa kabisa.

Anayelisha akae chini, macho yake yalingane na ya mgonjwa. Akilisha amesimama, mgonjwa huinua kidevu, na njia ya hewa inafunguka. Mimi humwambia: "Mama, tia vidole hapa shingoni. Umesikia imepanda? Basi, sasa kijiko cha pili." Akishahisi kongomeo kwa vidole vyake mwenyewe, hahitaji kuambiwa tena "polepole." Baada ya mlo abaki wima nusu saa. Kuinamisha kidevu akimeza kunasaidia baadhi ya watu na kuwadhuru wengine, kwa hiyo kijaribu ukiwepo kabla hujakifanya agizo.

Watoto wenye ulemavu wa ubongo nao: usiruhusu kulazwa chali mapajani na kumiminiwa uji huku pua imebanwa. Najua mama anafanya hivyo kwa hofu ya njaa. Mwonyeshe kukalisha, kichwa katikati, kijiko kidogo, na umsifu mbele ya bibi wa mtoto, maana nyumbani bibi ndiye mwenye neno.

Chakula kinachokwama kifuani, si kooni, au mtoto aliyekunywa soda kaustiki ya kutengenezea sabuni: hao wapeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, mazoezi hayawahusu.

Kuhusu kukua kwako. Wenzetu wa Marekani wenye cheti cha ASHA, chama chao cha wataalamu wa matamshi na usikivu, wanatakiwa kuwa na saa 30 za kujiendeleza kila miaka mitatu. Wewe hakuna anayekuhesabia, basi jihesabie. Weka daftari: kwa kila mgonjwa andika ulichoona, ulichodhani, ulichoshauri, na kilichotokea. Mstari wa mwisho ndio unaofundisha, na ndio watu wanaouacha wazi. Soma makala kwa Kifaransa. Zikikushinda, muulize mwenzako kwenye kikundi cha simu. Mwombe daktari wa mapafu akufundishe kusikiliza kifua, nawe umfundishe vidole vinne.

Mgonjwa akiruhusiwa, mpe karatasi moja ya Kiswahili: kinywa, mkao, daraja la uji, vyakula vilivyokatazwa, dalili za kurudi. Isome na anayelisha, umwombe akueleze kwa maneno yake. Chukua namba ya simu. Piga baada ya wiki moja, uulize homa, uzito, na nani anashika kijiko sasa. Mara nyingi ameshabadilika, na huyo mpya naye ni wa kufundishwa.