Kusindikiza mgonjwa mahututi kutoka Masasi hadi Mtwara

Mimi ni muuguzi wa dharura, Masasi. Kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni kusindikiza mgonjwa mahututi kwenda Mtwara, iwe hospitali ya mkoa ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Ni kama kilomita 200, saa tatu hivi barabara ikiwa nzuri. Ndani ya saa hizo huna daktari wa kumwita wala mwenzako wa kukushikia taa. Una dereva na vile ulivyopakia. Ndiyo maana wadogo zangu wanaoletwa kitengoni huwaambia kwamba nusu saa kabla ya kuondoka ndiyo inayobeba safari nzima. Ndugu watakuharakisha, dereva atakuwa ameshawasha injini, na wewe utatamani kukimbia. Usikimbie na mgonjwa ambaye hajawekwa sawa.

Kumweka sawa maana yake ni kupita kwa mpangilio tuliofundishwa: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumfunua na kumkagua mwili mzima. Alama za Glasgow, yaani kipimo cha fahamu cha kuanzia 3 hadi 15, zikiwa 8 au chini, usikubali kupanda gari mpaka wewe na daktari mmekubaliana namna ya kuilinda njia ya hewa. Pima sukari ya kila mgonjwa aliyepoteza fahamu, hata kama kila mtu ana uhakika kwamba ni malaria au ajali. Weka kanula mbili, yaani vijimrija vya kupitishia dripu mshipani, ya kijivu au ya kijani kwa mtu mzima, na usiziweke kwenye kiwiko kama kuna mshipa mwingine, maana mkono ukikunjwa dripu inasimama. Zifunge kwa plasta hadi uridhike, kisha ongeza plasta nyingine. Mwaga mkojo uliomo kwenye mfuko wa katheta, yaani mpira wa mkojo, na uandike saa, ili hesabu ya njiani ianzie sifuri. Mwenye mpira wa kifuani wa kutoa hewa au damu, chupa yake ikae chini ya usawa wa kifua muda wote na mpira usibanwe. Na maumivu yatibiwe kabla ya barabara. Paja lililovunjika linaweza kumwaga lita nzima ya damu au zaidi ndani kwa ndani, na kila tuta linalisukuma. Lifunge banzi, mpe dawa, usubiri ifanye kazi, ndipo umhamishe.

Kuna mgonjwa mmoja asiyengojea haya yote, naye ni anayevuja damu ndani na anahitaji upasuaji ambao hapo ulipo hauwezekani. Huyo fanya yanayookoa pumzi na mishipa, mengine yafanyike gari likitembea.

Sasa oksijeni. Hapa naomba mnisikilize sana, kwa sababu ni hesabu ya darasa la tano na bado watu wanaikwepa. Kwenye shingo ya mtungi imegongwa namba ya ujazo wake kwa lita. Zidisha namba hiyo kwa presha inayosomeka kwenye geji kwa kipimo cha bar, utapata lita za oksijeni zilizomo. Geji ikisoma kwa psi, kipimo kingine cha presha, gawanya kwanza kwa 14.5. Mtungi wa lita 5 wenye bar 120 una lita 600. Mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika ataumaliza kwa dakika 60, yaani utamwishia mkiwa bado mbali sana na Mtwara. Safari ya saa tatu kwa lita 10 inataka lita 1,800, na mimi huongeza nusu yake kwa ajili ya pancha, daraja lililojaa maji au lori lililolala barabarani. Jumla 2,700. Mtungi mdogo hautoshi hata kidogo. Unataka ule mkubwa, uliofungwa mkanda ukutani, kwa sababu mtungi uliolegea kwenye breki ya ghafla unaua.

Kabla ya kuomba mtungi wa pili, angalia pia kama lita 10 zinahitajika kweli. Kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kikisoma asilimia 98 au 99 kwa lita 10, punguza taratibu mpaka kikae 94 au 95 na uone mgonjwa anavyopumua. Wengi hutosheka na lita 3 za puani. Na ambu, ule mfuko wa kumpumulisha mtu kwa mkono, iwe kando ya kichwa chake na barakoa ya saizi yake ikiwa imeshachomekwa kwenye ambu. Ambu haihitaji mtungi ili kumpumulisha mtu. Sakshoni, mashine ya kufyonza mate na damu mdomoni, ijaribiwe kwa umeme wa gari lenyewe. Kufanya kazi wodini hakukuhakikishii kwamba itafanya kazi garini.

Kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza na pesa kuingia vijijini, pikipiki zinaongezeka na sisi tunapokea vichwa. Mwenye jeraha la kichwa mwinue nyuzi 30. Ukishuku shingo au mgongo, usimkunje. Inua upande wa kichwa wa machela nzima. Vivyo hivyo kwa aliyeanguka kutoka kwenye mnazi au mwembe. Kinachomwongezea madhara njiani ni oksijeni kushuka na presha kushuka, kwa hiyo vipime kila dakika 15 na uandike palepale. Andika kwenye plasta iliyobandikwa pajani mwako kama karatasi inaruka.

Mama mwenye kifafa cha mimba ndiye anayenifanya nisifumbe jicho. Gari lake huitwa kwa m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito, namba 115, bila malipo, na wao huratibu hospitali ya kupokea. Hata hivyo piga mwenyewe Mtwara uongee na atakayempokea, uandike jina lake na saa. Magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, ya kuanzia ni gramu 14: gramu 4 polepole kwenye mshipa, na gramu 5 kila tako. Tuseme umempa saa 8 usiku na mmeondoka saa 9. Mtafika saa 12 alfajiri, na saa 12 hiyohiyo ndiyo saa ya dozi inayofuata ya gramu 5. Ibebe. Usiiachie hospitali unayokwenda, maana nao wanabadilishana zamu karibu na muda huo. Kabla ya kuichoma hakikisha anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo umefika angalau mililita 100 ndani ya saa 4. Kimoja kikikosekana, ngoja. Pumzi zikishuka, mpumulishe kwa ambu na umpe kalsiamu glukoneti, inayopinga magnesiamu iliyozidi, gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, polepole. Kwa hiyo dawa hiyo iwe mfukoni mwako tangu Masasi, sio ndani ya sanduku chini ya siti. Akirudia degedege, mwambie dereva asimame pembeni, mlaze ubavu wa kushoto, mpe gramu 2 nyingine kwenye mshipa kwa dakika 5. Sindano kwenye gari linalokimbia ni hatari kwako na kwake.

Kwa anayetoka damu baada ya kujifungua, oksitosini ya kukaza kizazi iwe imeshapita na asidi ya traneksamiki ya kupunguza damu, gramu 1, iingie ndani ya saa 3 tangu ajifungue. Mkono wako ubaki tumboni kwake kuhakikisha kizazi kimekaza. Mkono huo usiuondoe hata ukichoka.

Ongea na dereva kabla ya safari. Mwambie mgonjwa ana nini na mtasimama wapi mambo yakigeuka. Mimi huwa na vituo viwili kichwani, vyote hospitali za njiani: Ndanda, kisha Nyangao. Ukiwa katikati yao, chagua mapema ni mbele au nyuma, usisubiri mpaka mgonjwa akuchagulie. Mkifika Mnazi Mmoja, njiapanda ya Lindi na Mtwara, piga tena Mtwara, imebaki saa moja na kidogo, nao waandae kitanda.

Ndugu waeleze ukiwa umekaa nao, na uulize mjomba yuko wapi. Sisi Wamakonde, Wamwera na Wayao tunajua uzito wa kauli yake. Ukimweleza mume peke yake, mara nyingi utaanza upya mjomba akifika. "Shikamoo mjomba, hali ya mtoto wetu ni nzito, tunampeleka Mtwara kwa sababu hii na hii." Wape dakika zao. Kisha chukua ndugu wawili tu, mmoja awe na nguvu za kutoa damu, wabebe kadi ya bima kama ipo, khanga na simu yenye chaji. Wakae mbele.

Wewe mwenyewe kula kitu, hata kama ni maandazi mawili, na nenda chooni. Funga mkanda kila usipomshika mgonjwa. Muuguzi aliyevunjika mbavu hamsaidii mtu.

Ukifika, usiseme "huyu ni rufaa ya Masasi" ukanyoosha barua. Msimamishe mpokeaji na umwambie kwa mpangilio: nani, nini kimempata na saa ngapi, umekuta nini, umefanya nini, hali ikoje sasa, na kipi kinadaiwa. Mfano: "Mama wa miaka 24, mimba ya kwanza, wiki 36, degedege mara 2 nyumbani, magnesiamu gramu 14 saa 8, presha ya mwisho 150 kwa 100, mkojo mililita 140, dozi ya gramu 5 ni sasa na hii hapa." Asaini alipopokea.

Mgonjwa akifariki njiani, endelea na huduma mpaka hospitali iliyo karibu, daktari athibitishe. Usiwape ndugu habari kupitia dirisha dogo la garini. Gari lisimame kwanza, washuke, wakae. Sema neno "amefariki", kwa sababu "tumempoteza" wengine hulielewa vingine. Kaa nao hapo. Ratiba ya gari inaweza kungoja.

Mkirudi Masasi, hata kama ni alfajiri na macho yanauma, jaza tena sanduku, badilisha mtungi, osha ambu, chaji sakshoni, na uandike saa za kutoka na kurudi kwa ajili ya posho yako na ya dereva. Kesho yake mchana piga Mtwara uulize mgonjwa ameamkaje, na majibu uyapeleke kwa wenzako wa zamu waliompokea mlangoni.